Kimya cha Chumba cha Nyuma

Kimya alichokirekodi nyumbani kwa bibi mmoja kilikuwa cha dakika moja kamili. Mtayarishaji wa vipindi vya redio alikuwa na hakika, maana alikihesabu kwa saa yake ya mkononi. Jumatatu alipokifungua kwenye kompyuta ya studio, kilikuwa na dakika moja na sekunde nne. Akasema moyoni kwamba uchovu huo, akaendelea na kazi.

Watu wa nje hawajui kwamba redioni hata kimya hurekodiwa. Kila chumba kina kimya chake, na ukikata kikohozi cha mtu ukaacha pengo tupu, msikilizaji atashtuka. Kwa hiyo baada ya mahojiano mnanyamaza kidogo, unakichukua kile kimya, unakuja kutilia viraka. Mtayarishaji huyu alikuwa bingwa wa viraka. Redio ya umma ilimwajiri kufungua barua za wasikilizaji, akabeba nyaya miaka sita, akatumwa chai na watu aliowazidi akili, na sasa alikuwa na vipindi viwili vyake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo haambiliki kuhusu kazi yake.

Na aliambiwa. Bibi yule, mjane aliyehojiwa juu ya maisha yake marefu, alikuwa na sharti moja tu. Chumba cha nyuma hakinyamaziwi. Anayeingia huongea, huimba, hata hugombana na kiti.

"Sema lolote, mwanangu," bibi alimwambia, "ila humo usinyamaze."

Mtayarishaji aliitikia kwa adabu. Bibi alipotoka kwenda jikoni, akafunga mlango, akawasha kinasa sauti, akanyamaza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini laiti lingekuwa guu lake yeye!

Kilikuwa kimya kitamu, kizito, hakina hata mvumo wa barabara. Akakitumia katika kipindi cha bibi, kisha katika kipindi cha watoto, ambacho salamu zake husomwa na binti yake mwenyewe wa miaka minane. Mtoto huyo walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Mama yake, mtayarishaji huyo, alikata vikohozi vyake vitatu, akaziba mapengo kwa kimya cha bibi.

Asubuhi iliyofuata Chiriku aliamka hana sauti. Daktari alimulika koo, hakuona kitu. Siku zikapita, nyumba ikapoa, na mama akatamani hata zile kelele alizokuwa akizikemea. Siku ya tisa mtoto aliandika kwenye daftari: *Mama, nani anapumua kwenye redio?*

Mtayarishaji alikimbilia studio. Kulikuwa na harufu ya udongo mbichi, na kile kimya kilikuwa kimefika dakika kumi na moja. Fundi mitambo akavaa hedifoni moja, yeye nyingine.

"Dada, zima," fundi alinong'ona.

"Ngoja kidogo."

"Zima, nakuomba."

Hakuzima, kwa sababu mle ndani mtu alikuwa akivuta pumzi kama avutavyo anayetaka kuanza kusema, akaivuta, akaivuta bila kuitoa, hata mtayarishaji naye akajikuta kifua kimembana, kisha ikaja sauti ya Chiriku, ile ile ya salamu za watoto, ikisema polepole maneno ambayo mtoto hakuwahi kuyarekodi: "Mama, huku kuna giza, na huyu hataki niondoke."

Jumamosi mchana alimshika mtoto mkono wakaenda kwa bibi. Hakujitetea. Alipiga magoti akalia.

"Miaka arobaini tunamfunika kwa maneno," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Jini huyo akipata kimya hukaa, na akikaa hutaka sauti ya kusemea. Mrudishe. Kipige hicho kimya humo humo mpaka kiishe, mtoto awepo, na mtu asifungue kinywa. Kikiisha, nitaanza mimi kuongea." Akamgeukia Chiriku. "Na wewe, mjukuu wangu, ukisikia unaitwa, usiitike. Ukiitika umekubali kumfuata."

Chiriku akainamisha kichwa kwamba ameelewa.

Wakaketi watatu katika chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Spika ikaanza kutoa kimya. Jua lilikuwa linaingia dirishani, lakini sakafu ilikuwa ya baridi, na ile harufu ya udongo ikapanda mpaka machozi yakawatoka, na katika dakika ya kumi, wakati mtayarishaji alipokuwa anahesabu sekunde zilizobaki huku amebana midomo mpaka inauma, sauti ikatoka, si kwenye spika, bali nyuma ya mlango, sauti yake yeye mwenyewe, ikilivuta lile jina mwishoni kama anavyolivuta kila siku akimwita mwanawe kula: "Chirikuuu, njoo mwanangu."

Mama alitikisa kichwa kwa nguvu, akanyoosha mkono amzibe mtoto mdomo. Lakini mtoto hakuwa akimtazama. Alikuwa ameuelekea mlango, anatabasamu, mtoto aliyelelewa vizuri, asiyengoja kuitwa mara mbili.

"Abee, mama," akasema Chiriku, kwa sauti safi, nzuri, ile ile ambayo mama yake alikuwa akiiombea usiku na mchana, kisha akainuka akaenda kufungua.