Mlio wa Kapu la Shangazi

"Mchele umeshaiva. Narudia, mchele umeshaiva."

Sauti ya Jovia, mkubwa wake wa kazi, ilitoka kwenye kisikizio kidogo sikioni mwa Rugamba, kavu kama kawaida yake.

Rugamba alikohoa mara moja. Maana yake: nimesikia, Afande.

Zaidi ya hapo asingeweza kusema. Alikuwa amesimama kwenye lango la mzee Gasana, Remera, mjini Kigali, kamera ya Panasonic begani na taa ya video mkononi, akiwapokea wakwe. Watu wote pale walimjua kama mpiga picha aliyekodiwa kutoka Nyakabanda. Hakuna aliyejua kwamba chini ya ile fulana yake ya mifuko mingi kulikuwa na bastola ya Browning, wala kwamba mchele unaosemwa ni bunduki, na kuiva kwake ni kutoka ghalani.

Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tisini na tatu. Mkataba wa amani ulikuwa umetiwa saini Arusha juzijuzi tu, na mji wa Kigali ulikuwa unauangalia kwa jicho la pembeni. Kule Gikondo kulikuwa na mgeni mmoja, mfanyabiashara wa magari chakavu, ambaye idara ya usalama ya akina Rugamba ilimpa jina la Fundi. Magari yalikuwa kisingizio. Fundi aliuza bunduki, na amani ilikuwa inamharibia soko.

Sasa Fundi alikuwa amepata dawa yake. Binti wa Gasana, Umulisa, anaposwa na Sangwa, na hizo zilikuwa familia mbili ambazo mji mzima uliapa hazitakaa chini ya hema moja. Leo zimekaa. Mtu akimimina risasi humo ndani, kila upande utasema ni wale wengine, na hadi jioni mji utakuwa unatafuta bunduki kwa bei yoyote.

Kazi ya Rugamba ilikuwa moja tu. Bunduki isipite lango lile.

Na kifaa cha kuizuia alikuwa nacho mkononi. Ile taa, jamani, haikuwa taa ya bure. Ndani ya mpini wake mafundi wa idara walikuwa wamefunga kigunduzi cha chuma. Ukimmulika mgeni kama unampiga picha, chombo kinamnusa kuanzia kichwani hadi miguuni, na mlio unakuja sikioni mwako peke yako. Sarafu na funguo hulia tik. Bunduki hulia mlio mrefu, wa kuchoma. Wiki nzima walimfundisha tofauti hiyo, mpaka akawa anaisikia usingizini. Kikifaulu leo, wakubwa wangenunua vingine kwa ajili ya stendi za basi, masoko na makanisa. Mapatano yalikuwa hayo.

Wakwe wakaanza kuingia.

Wazee na fimbo zao. Tik.

Wamama na mishanana yao, yale mavazi marefu ya kufunga begani, bangili mikononi. Tik, tik.

Halafu akaja shangazi wa bwana harusi, bibi mmoja mrefu aitwaye Nyiransabimana, anatembea polepole kwa heshima zake zote. Nyuma yake kijana mwenye koti la kijivu alikuwa amembebea kapu la zawadi kichwani, lile kapu kubwa la mafunjo ambalo Wanyarwanda huliita inkangara, lenye kifuniko, limejaa unga wa mtama.

Rugamba akamulika.

Mlio ulikuwa mrefu. Ulimchoma sikio mpaka akafumba jicho moja.

Alijua. Tusimpambe hapa, alijua kabisa. Lakini kapu la wakwe halifunguliwi langoni. Analifungua mama wa binti, ndani, kwa mikono yake. Ukilifungua wewe barabarani umemwambia mkwe wako kwamba ni mwizi mbele ya ukoo wake wote. Rugamba alikulia Karagwe, Tanzania, lakini mama yake alimlea kwa mila hizohizo, na bibi yule alikuwa anamtazama usoni kama anavyotazamwa mtoto wa nyumbani.

"Kuna kitu, mwanangu?" bibi akauliza.

Rugamba akasikia aibu ikimpanda kuanzia shingoni.

"Hapana, Shangazi. Taa inasumbua. Karibuni sana."

Kapu likapita.

Jovia akauliza ule mlio ulikuwa wa nini, maana chombo chake ndani ya Hilux, kando ya uwanja wa Amahoro, kilikuwa kimeupata pia, ingawa kwa mbali.

"Bangili," Rugamba akanong'ona.

Neno moja tu, na lilikuwa la uongo. Alijiambia kwamba pengine ni kisu cha kukatia keki, pengine ni sufuria ya zawadi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Chini ya hema sherehe ikashika kasi. Familia mbili zilikaa zikitazamana, katikati uwanja mtupu ambao hakuna anayeukanyaga isipokuwa wasemaji wa pande zote mbili. Msemaji wa wakwe alisema, kwa mafumbo ya posa, kwamba wamepotelewa na ng'ombe na nyayo zimeishia hapa. Msemaji wa Gasana akamjibu kwamba hapa hawafugi ng'ombe wa kuokota, labda wajaribu kwa majirani. Watu wakacheka. Gasana mwenyewe alicheka, na Rugamba, akiwa nyuma ya kamera, akaanza kuamini kwamba ilikuwa sufuria kweli.

"Swala, nisikilize." Hilo lilikuwa jina lake la kazi, na Jovia alikuwa anahema. "Tumekamata Peugeot 504 nyuma ya uwanja. Dereva amesema alikuwa anamsubiri mtu wao, anaitwa Gakwaya. Anasema mzigo umeshaingia ndani. Umepitaje?"

Rugamba alikuwa ameshaiacha kamera.

Stoo ilikuwa nyuma ya nyumba. Mama wa binti, Mukabalisa, alimkuta ameinama juu ya kapu, na uso ukambadilika kwa kuona mpiga picha anagusa vitu vya wakwe. Rugamba hakuomba radhi. Akavuta kifuniko.

Unga ulikuwa umechimbwa. Shimo lake lilikuwa refu kama mkono, na kingo zake bado hazijaporomoka.

Aliuliza nani ameingia humu. Mukabalisa akasema ni kijana wa wakwe, mwenye koti la kijivu. Alisema ametumwa kuchukua kitu cha Shangazi.

"Hukumuuliza jina, Mama?"

"Mkwe utamuuliza wewe nani?" Mukabalisa akashangaa. "Iko mtu wao."

Na wakwe, bila shaka, walimdhani ni mtu wa Gasana aliyetumwa barabarani kumpokea bibi mzigo. Kila upande uliogopa kuuliza. Fundi alikuwa amewasoma vizuri kuliko walivyojijua, na alijua hata atakayesimama langoni ni mtu wa namna gani.

Rugamba akakimbia.

Kufika hemani akapunguza mwendo. Makoti ya kijivu yalikuwa mengi upande wa wakwe, uso wa kijana yule hakuwa ameushika langoni, na wanaume wengi walikuwa wamevua yao na kuyaweka magotini kwa joto. Akikosea, Gakwaya atafyatua.

Ikabaki njia moja, nayo ilikuwa ile aliyoikimbia langoni. Kuwapekua wakwe.

Akaingia katikati ya familia mbili, pale pasipokanyagwa, msemaji akiwa katikati ya sentensi. Kelele zikazima. Mzee mmoja akamwambia aondoke, ana kichaa? Rugamba akainua taa na kuanza kuipitisha juu ya magoti ya wakwe, mmoja baada ya mwingine, bila kamera, bila kisingizio. Wamama wakageuza nyuso. Nyiransabimana akasimama kumkemea.

Tik. Tik.

Mstari wa nyuma, mlio mrefu.

Gakwaya akatupa koti. Chini yake bunduki fupi aina ya Uzi, kitako kimekunjwa, mdomo wake tayari umeelekea upande wa Gasana.

Rugamba akamrukia juu ya viti. Akaupiga mtutu kwa ile taa, kioo kikapasuka, risasi zikaenda juu na kutoboa turubai. Moja haikwenda juu. Akamzungusha Gakwaya mkono mpaka ukalia, akamlaza kifudifudi kwenye nyasi na kumbana mdomo wa Browning kisogoni.

"Tulia," akamwambia. "Usinipe sababu."

Gakwaya akatulia. Vijana wa pande zote mbili wakamrukia na kumfunga kwa tai zao. Ilikuwa kazi safi, ya kusimuliwa idarani.

Halafu Rugamba akageuka.

Nyiransabimana alikuwa amekaa chini, damu ikimtiririka mkononi, na hakuna aliyekuwa amemkaribia. Kisha akaanza kujivuta kwa magoti kwenda kwa Gasana. Alikuwa ameshamtambua kijana wa koti la kijivu, na ameshaelewa bunduki ilikuwa wapi.

"Ilikuja kwenye kapu yangu," alisema. "Ni mimi nimeleta kifo kwako. Nisamehe, au usinisamehe, lakini mtoto wetu hana kosa."

Familia zote mbili zilimtazama bibi, na Rugamba aliona macho yalivyoanza kugawanyika, hawa huku, wale kule. Risasi hazikuua mtu, lakini Fundi alikuwa anakaribia kushinda.

Jovia alikuwa ameanza kumwonya sikioni asiseme neno, aondoke kimya kama mpiga picha yeyote aliyeogopa. Rugamba akachomoa kile kisikizio na kukiweka mfukoni.

Akapiga magoti kando ya bibi.

"Mzee, si yeye. Hii taa inanusa bunduki. Kapu lake lililia langoni, mlio wa bunduki kabisa, na mimi nimefundishwa kuujua. Niliona haya kumpekua Shangazi. Nikamdanganya yeye, nikawadanganya hata wakubwa wangu. Bunduki niliipitisha mimi."

Nyiransabimana akamgeukia. "Nilikuuliza," alisema taratibu. "Nilikuuliza kama kuna kitu."

"Uliniuliza, Shangazi."

Alitamani ardhi ipasuke.

Gasana akavua tai yake, akapiga goti na kumfunga bibi mkono, kisha akawaambia wanawe wamwingize ndani, chumbani kwa mke wake. Umulisa na Sangwa wakamshika, huyu huku na huyu kule. Wakwe wakainuka kuwafuata, na upande wa Gasana ukawapisha.

Kwa Rugamba, Gasana alikuwa na neno moja tu.

"Nenda."

Akakirudisha kisikizio alipofika langoni. Jovia alikuwa na taarifa ya kutuma. Wakubwa walikuwa wanasubiri kujua kama vile vigunduzi vinunuliwe au la. Jovia alimpa Rugamba mlango wa kutokea, kwa sauti ya chini, kwa sababu walikuwa wamefanya kazi pamoja kitambo: angeweza kuandika kwamba chombo kilikuwa na hitilafu.

"Usiandike hivyo, Afande. Wataacha kununua."

"Basi niandike nini?"

"Andika chombo ni kizima. Andika kililia mapema, na aliyekishika alikuwa na haya."

Akashuka kuelekea barabara ya lami, bastola chini ya fulana, taa iliyovunjika mkononi. Nchi hii mgeni hatoki peke yake. Hata uliyegombana naye mezani humtoa mpaka barabarani, mkasimama kidogo, mkapeana mikono. Rugamba alikwenda akiburuta miguu, masikio yamesimama, asikie kama kuna mtu nyuma yake.

Hakukuwa na mtu.