Matumbo Mawili ya Kinyozi

Jioni hiyo, kama jioni nyingine zote, binti alikuwa ameketi sakafuni kwenye chumba cha cherehani, akichomoa pini kwenye vitambaa na kuguna. Aliguna mpaka mama yake, ambaye uzi ulikuwa ukimkatikia kila mara, akasimamisha mguu juu ya pedeli. "Mwanangu, ukiguna tena nitakushona mdomo."

Lakini binti alikuwa na sababu. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amemrudishia insha kwa mara ya pili. Ya kwanza ilihusu soko, ya pili ilihusu mafuriko, na zote zilianza vilevile: jua lilichomoza kwa madaha, ndege wakaimba nyimbo tamu. Mwalimu aliuliza mbele ya darasa zima ni mafuriko gani hayo ya jua kali, na tangu hapo wenzake walimwita Madaha. Asipopeleka insha nzuri kesho, nafasi yake kwenye gazeti la ukutani la shule ingepewa mwingine, na nafasi hiyo aliililia muda mrefu.

Alimlalamikia mama kwamba nyumbani kwao hakuna cha kuandika kwa sababu hakuna kinachotokea. Mama akamwambia kama anataka kitu kitokee, afagie.

Hajashika ufagio, kinyozi wa jirani akaingia na suruali mkononi, uso umekunjamana. Ilikuwa imembana tena. Alidai kuwa mafundi wanakula vitambaa vya watu. Mama akajibu kwamba kitambaa hakiliki, na kwamba yeye alishona kwa vipimo vya mwili wa kinyozi mwenyewe. Wakabishana weee, mwisho mama akachukua futi ya kupimia na kumpima kiunoni upya. Namba ilikuwa ileile ya zamani.

"Sasa jirani, mimi ni fundi au mchawi?" mama aliuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Binti, kwa kuwa alikuwa chini, macho yake yalikuwa sawa na tumbo la mgeni. Aliona kwamba futi ilipokaribia, tumbo lilikimbilia ndani. Futi ilipoondoka, likarudi taratibu, kama paka aliyehakikisha mbwa amepita. Akang'ata mdomo asicheke. Kumwambia mtu mzima jambo kama hilo usoni ni utovu wa adabu. Afanyeje? Akajiuliza kama mtu anaweza kubana pumzi huku anaongea.

"Mjomba, kichwa gani kimewahi kukusumbua zaidi kukinyoa?"

Hapo alikuwa amemgusa penyewe. Kinyozi akaanza kisa cha mteja aliyekuwa akisinzia na kuinamia wembe, akakisimulia kwa mikono miwili. Binti akamkonyeza mama. Mama akaizungusha futi tena kiunoni, akasoma, akasoma mara ya pili. Aliandika namba mpya kwa chaki, akaahidi kuipanua suruali kidogo.

Kinyozi alipotoka, mama na mwana walicheka mpaka wakashikana mabega. Ndipo binti akavuta karatasi. Hakungoja jua lichomoze. Aliandika: "Kinyozi wetu ana matumbo mawili, la kupimwa na la kutembea nalo."

Asubuhi mwalimu aliisoma akiwa amesimama, kisha akalazimika kukaa. Alipomaliza kujifuta machozi ya kicheko, akamwambia kwamba nafasi ni yake.

"Sentensi hii hukuikariri popote, mwanangu. Umeiona kwa macho yako. Mwandishi hangoji makubwa yatokee. Hutazama madogo yaliyopo, akajiuliza kwa nini."

Kisha akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Ila huyu mtu mfanye seremala. Ndiye anayeninyoa mimi, na kesho nina miadi naye."