Malengelenge ya Ndege ya Bangwe

Lengelenge la kwanza kwenye rangi lilikuwa dogo kama punje ya harage, chini ya bawa la kushoto. Eliakimu alilibonyeza kwa kidole gumba. Maji yaliyotoka yalikuwa ya uvuguvugu, na hilo ndilo lililomkera. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, umande wa ziwa ulikuwa bado umeilalia ndege nzima, na bati lenyewe lilikuwa la baridi.

Alikuwa mhandisi wa ndege aliyestaafu na kurudi Kigoma. Makumbusho madogo ya Bangwe yalikuwa yamemkabidhi ndege yao moja, ndege ya kivita ya zamani iliyosimamishwa nje juu ya nguzo tatu za zege, jua lake, mvua yake. Ijumaa wakaguzi wangekuja. Wakiridhika, ingejengewa paa. Wasiporidhika, ingekatwa iuzwe chuma chakavu.

Yeye alikuwa na sababu yake ya kuipigania. Kioo cha rubani kilifunikwa kwa turubai aliloshona mkewe, Melania, kwa mshono wa mara mbili, mwaka mmoja kabla hajafa. "Umeoa wake wawili," alikuwa akimtania, "halafu mimi ndiye ninayemshonea mwenzangu nguo."

Akakwangua, akapiga msasa, akapaka rangi upya. Kesho yake yakawa malengelenge matatu, palepale. Akabadilisha rangi. Akapima unyevu, akaandika daftarini. Akakwangua tena mpaka bega likamuuma. Siku ya nne yalikuwa matano, manne yamejipanga mstari na moja nene limekaa kando. Akayatazama kwa muda mrefu. Kilikuwa kiganja cha mtoto.

"Rangi mbovu," alisema kwa hasira. "Wananiuzia maji."

Siwema, mhudumu wa makumbusho, mzaliwa wa Ujiji, alisimama mbali na ufagio wake.

"Shikamoo, mzee. Yale maji ya moto ya wiki iliyopita, ulisema nini kabla hujayamwaga?"

"Marahaba. Nilisema sabuni haitoshi."

"Sitanii, baba."

Alikuwa amechemsha pipa zima ili kulainisha kinyesi cha popo kilichogandamana tumboni mwa ndege. Aliyamimina kwa nyuma ya kiti cha rubani mpaka yakatokea kwenye vitundu vya chini. Kazi ya kawaida.

"Kwetu humwagi maji ya moto bila kupiga hodi," Siwema alisema, sauti imeshuka. "Hata uani kwako. Unasema, tupisheni, maji ya moto. Wasioonekana wakisikia wanabeba watoto wao. Wewe umewamwagia watu chumbani."

"Ndani ya ndege hakuna chumba cha mtu."

"Basi tega sikio."

Alitega ili amnyamazishe. Jua lilikuwa la utosi na uwanja ulikuwa mtupu. Kwanza alisikia bati likitanuka kwa joto, jambo ambalo angeweza kulieleza. Kisha ikamjia harufu ya nywele zilizoungua, na nyuma ya harufu hiyo kilio chembamba cha mtoto aliyechoka kulia, na juu ya kilio sauti ya mwanamke akibembeleza, polepole, bila kupumzika.

Alhamisi Siwema alimleta shangazi yake, Bi Shadia, mganga wa Kasingirima. Bibi huyo alifukiza ubani, akaweka kiganja kwenye tumbo la ndege, akanong'ona na kunyamaza, akanong'ona na kunyamaza.

"Humu yumo mama, na mtoto wake ameungua," alisema mwishowe. "Mama hataki mbuzi wala kuku. Anataka nguo ya kumfunika mwanawe. Ile pale." Akaonyesha turubai. "Uombe radhi, ulitandike humo ndani, uwaachie. Watahamia ziwani."

"Nitamletea jipya kutoka sokoni Mwanga."

"Hataki la dukani. Aliyelishona hili alikuwa na huruma. Wewe una msasa tu."

Eliakimu alipanda ngazi, akalifungua turubai kamba moja baada ya nyingine, akalikunja, akaenda nalo nyumbani.

Ijumaa, mbele ya wakaguzi, rangi ilianza kuvimba. Ilivimba toka bawani hadi mkiani, viganja juu ya viganja, ikapasuka na kutiririsha maji.

"Mhandisi," alisema Alphonce, mkuu wa makumbusho, huku akifuta kiatu, "huku ndiko kuhifadhi?"

Ndege ilikatwa wiki ile ile. Alumini ilichukuliwa na mafundi wanaoiyeyusha na kuimimina kuwa sufuria.

Miezi miwili baadaye, Jumapili mchana, Winfrida, mdogo wake Melania, alikuja kumpikia. Alikuwa na sufuria mpya kutoka sokoni Mwanga.

"Shemeji, sufuria zako zimechoka kuliko wewe mwenyewe," alisema, akabandika maji ya ugali.

Maji yalipoanza kuchemka, Winfrida aligeuka. "Nani kaacha mtoto analia hapo nje?"

Eliakimu alikuwa ameshasimama, maana harufu ya nywele ilimfikia kabla ya sauti, na ubavuni mwa sufuria ile mpya, juu kidogo ya moto, alumini ilikuwa ikiinuka vijilengelenge vinne na kimoja kando. Akaenda chumbani, akalitoa turubai chini ya mto wa Melania, akaiepua sufuria, akaifunika kwa mshono ule wa mara mbili, akapiga magoti mbele ya sufuria, shemeji yake ameduwaa, akasema, "Niwieni radhi, sikupiga hodi," na kilio kikakatika kama mtoto aliyepewa ziwa la mama. Na katika utulivu ule, kabla hajashusha pumzi, akasikia mwingine akianza jikoni kwa jirani, kisha mwingine ng'ambo ya barabara, kisha wengine huko chini ufukweni, kila nyumba iliyokuwa imebandika ugali kwenye sufuria mpya mchana huo, na turubai lilikuwa moja.