Miaka Mitatu Mingine

"Ulitaka nijue lini?"

Haika alifumbua macho. Alikuwa amesinzia kwenye meza ya mkahawa mmoja wa Tooting, huko ughaibuni, chai imepoa mbele yake. Alitoka kazini asubuhi, akakaa hapo kumsubiri mchumba wake, Evodius. Sasa Evodius amesimama, hata koti hajavua.

"Ujue nini?"

"Nimepitia hospitali nikidhani bado uko kule. Nimekutana na Dokta Alka, akanipa mkono wa hongera. Eti Haika tunaye miaka mitatu mingine."

Haika alisogeza kikombe pembeni. Dokta Alka ndiye aliyekuwa akimfundisha ubingwa wa watoto wachanga, na ndiye msimamizi wa utafiti wao wa umanjano, ule unaogeuza ngozi na macho ya watoto kuwa ya njano. Alizaliwa Mwanza, familia ikahamia Stanmore akiwa msichana, na Kiswahili hakijamtoka. Hakujua kwamba anafichua siri.

"Nilikubali nafasi hiyo mwezi wa tatu," Haika alisema.

"Mwezi wa tatu wajomba zangu walitoka Bukoba mpaka kwenu Machame kupeleka posa."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Mpaka nikaacha kazi? Maabara ya Bukoba wananisubiri Januari. Nimekata tiketi mbili, Haika, na wewe unaniangalia tu."

"Evo, nimechoka."

"Najua. Tangu nikujue umechoka. Na mimi nimechoka kuchumbia simu."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuuma Haika. Evodius alitoka, na Haika akamwona kupitia kioo cha dirisha akipanda basi la kurudi kwake Peckham. Hakugeuka.

Badala ya kwenda kulala, Haika alirudi hospitali. Alimkuta Dokta Alka wodini na madaktari wanafunzi, ameshika kifaa kidogo cha kupima umanjano kwenye ngozi.

"Msitegemee macho," alikuwa akiwaambia. "Mtoto mweusi anaweza kuzidiwa na umanjano, ngozi isiwaonyeshe kitu. Ukichelewa, ubongo unaharibika."

Wanafunzi walipotawanyika, Haika alimsogelea.

"Dokta, tunasema kifaa hiki ni cha watoto weusi, na wengi tunaowapima hapa ni weupe. Nataka sehemu yangu ya utafiti nikaifanyie Bukoba. Na madaktari wa kule niwafundishe."

Dokta Alka alivua miwani.

"Utafiti utanufaika. Lakini ubingwa wa hapa utaukosa. Nafasi yako itachukuliwa na mwenzako Hemal, na sitaweza kukurudishia."

"Najua."

"Ni kwa sababu ya yule kijana?"

"Kwa sababu yake, na ya watoto pia. Kipi kinazidi, nimechoka mno kujua."

"Basi nenda ukalale. Ukiamka bado unataka, niambie."

Alilala mpaka kesho yake. Alipoamka alimpigia Dokta Alka, kisha akamwandikia Evodius:

"Nimeachia nafasi. Nakuja Bukoba na utafiti, kama bado unanitaka."

Simu ikaita papo hapo.

"Usije kwa ajili yangu," Evodius alisema. "Baada ya mwaka utanichukia."

"Nakuja kwa ajili ya watoto. Kwako nitakuja kulala tu."

Alimsikia akicheka kidogo, halafu akaacha.

"Ulinificha, Haika."

"Nilikuficha. Niliogopa uondoke uniache, nikaogopa pia kuondoka na wewe. Nikaona bora ninyamaze."

"Siku nyingine ukiogopa, niambie. Hata kama nitakasirika."

"Nitakuambia."

Ndoa ilifungwa Bukoba baada ya Pasaka. Misa ilikuwa ianze saa nne, bibi harusi hayupo. Restuta, dada yake Evodius, alikuwa amenuna waziwazi.

"Siku ya harusi yake kweli?" alimuuliza kaka yake.

Haika alishuka kwenye gari, gauni limevaliwa haraka, nywele nusu zimebanwa. Usiku mzima alikuwa wodini na mtoto wa siku mbili. Watu walimgeukia Evodius wasikie atasema nini.

"Mtoto vipi?"

"Umanjano umeanza kushuka. Ananyonya."

"Haya," Evodius alisema, akamshika mkono. "Twende, padri anasubiri."