Aliyeshika Antena

Jioni waliyorudi kutoka kumzika Bibi, televisheni ilionyesha vizuri bila mtu yeyote kushika antena.

Ephraimu aliiwasha kwa mazoea tu, bado amevaa koti la msibani, matope ya Nkoaranga hayajakauka kwenye viatu vyake. Alitegemea chenga. Tangu inunuliwe, televisheni ile haikutoa kitu ila chenga, mpaka mtu aende nyuma ya nyumba akalishike lile bomba la chuma lililobeba antena. Safari hii picha ilitulia, safi, na rangi zake zote.

"Afadhali," alisema Ephraimu, akakaa. "Labda upepo umeigeuza."

Mke wake, Hedwiga, alikuwa anavua viatu. Bariki, mtoto wao wa miaka saba, alikuwa ameshakaa sakafuni mbele ya kioo, mdomo wazi. Ni dada yake tu, Nice, aliyekuwa darasa la sita, ndiye aliyechungulia dirishani. Hapakuwa na upepo. Migomba ya jirani ilisimama tuli. Lakini bomba lilikuwa linazunguka polepole, kulia kidogo, kushoto kidogo, kama linavyozungushwa na mtu anayetafuta picha, na lilikuwa linalia ile sauti yake ya siku zote: kwi, kwi.

Nice alifunga pazia.

Televisheni iliingia nyumbani kwao Engutoto miaka ile maduka ya Arusha yalipofunguka na vitu vya nje vikaanza kuuzwa hadharani. Ephraimu, aliyekuwa na duka la vipuri vya magari, aliinunua kwa Hatim, Mhindi wa mjini aliyemfahamu siku nyingi. Kabla ya hapo, jioni zilikuwa za Bibi. Bibi alikuwa mama yake Ephraimu. Alishushwa kutoka Nkoaranga, kwao mlimani, baada ya kufiwa na mume, na kila siku baada ya chakula aliketi karibu na jiko la mkaa na kusimulia. Hadithi zake zilienda taratibu. Moja iliweza kula jioni kadhaa.

"Palikuwa na mama," alianza ile ya mwisho, "ambaye mwanawe alimpa kamba ya ng'ombe akamwambia, nishikie hapa, naenda kutafuta chumvi, narudi sasa hivi. Mama akashika. Ng'ombe akavuta, mama akashika. Mvua ikaja, mama akashika."

"Kisha?" aliuliza Nice.

"Tulia. Hadithi haikimbizwi."

Hadithi ile haikufika mwisho, kwa sababu kesho yake televisheni ililetwa. Ndani ya televisheni kila kitu kilikimbia. Mtu anapigwa ngumi, na kabla hajaanguka umeingia wimbo, na kabla wimbo haujafika kiitikio limekuja tangazo la sabuni, na kabla sabuni haijatoa povu mpira umeshaanza. Waliotazama walizoea kukimbizwa hivyo, na vitu visivyokimbia vikaanza kuwachosha. Bariki hakuweza tena kumaliza kikombe cha uji. Mwalimu wake alisema anautazama ubao kama mtu anayengoja ubadilike. Hedwiga aliunguza maharage mara kwa mara, yeye ambaye alisifiwa kwa kupika. Ephraimu ukimweleza jambo alikujibu "eeh", na kumbe hajasikia hata neno. Hata usingizi wao uliharibika. Walishtukashtuka na kusaga meno.

"Mnanisikia?" Bibi aliuliza.

"Tunakusikia, Bibi," walijibu wote, bila kugeuka.

Mkono wa mtu ukiwa kwenye bomba, chenga zilipungua, na iligundulika kwamba mkono wa Bibi ndio uliotoa picha nzuri kuliko yote. "Mama, una mkono wa baraka," alisema Ephraimu, na Bibi alifurahi, maana mzee hupenda kuona bado ana kazi nyumbani kwa mwanawe. Akawa anatoka kila jioni na shuka lake la sufu. Walimpigia kelele kupitia dirishani: kushoto, Mama, rudisha, hapo hapo.

Jioni aliyokufa ilikuwa Julai. Baridi ilishuka kutoka mlima Meru na manyunyu juu yake.

"Hapo hapo, Mama," aliita Ephraimu. "Usiachie."

"Mpaka saa ngapi, mwanangu?"

"Nakuja kukuita."

Picha ilikaa vizuri usiku ule hata wakasahau kwamba picha ina mtu. Wimbo wa taifa ulipopigwa na stesheni kufunga, ndipo Hedwiga akauliza, "Mama yuko wapi?"

Walimkuta amesimama, ameegemea bomba, shuka linachuruzika maji, amekuwa baridi sawasawa na kile chuma. Walimbandua vidole kimoja kimoja. Wakamwingiza ndani, wakambadilisha nguo, wakamlaza. Kisha Ephraimu aliwageukia mke wake na watoto.

"Amefia kitandani," alisema. "Usingizini. Mmenisikia?"

Walimsikia. Ndivyo walivyowaambia watu, na watu wakasema Mungu amempa mwisho mwema. Mkono wake wa kulia tu ndio uliokataa kunyooka. Alizikwa ameukunja, kama aliyeshika kitu.

Ndiyo maana Nice alifunga lile pazia.

Baada ya hapo ikaja harufu. Kila televisheni ilipowashwa, sebule ilinuka ugoro wa Bibi na sufu iliyolowa. Kisha ikaja picha. Katikati ya zile picha zinazokimbia palipita moja isiyokimbia: ua wa nyuma, bomba, na mgongo wa mwanamke aliyejitanda shuka. Mwanzoni ilipita kama mtu anavyopepesa kope. Halafu ikaanza kukaa. Kila jioni ilikaa zaidi, na kila jioni yule mwanamke alikuwa amegeuza bega lake kidogo kuelekea waliokaa sebuleni.

Mwinjilisti wa mtaa aliitwa kuombea nyumba. Aliomba kwa nguvu, mpaka televisheni iliyozimwa ikajiwasha yenyewe kwenye mpira, naye akafumbua jicho moja. Hakumaliza ombi lake. Aliondoka amesahau Biblia yake mezani.

Ephraimu aling'oa bomba akalitupa korongoni. Jioni liliposimama tena mahali pake, aliipakia televisheni kwenye gari na kumrudishia Hatim. Siku chache tu, Hatim akairudisha mwenyewe.

"Ndugu yangu, chukua mzigo wako," alisema, hata chai hakutaka. "Nimebadilisha antena, nimebadilisha waya. Ni ua wako tu na mama mmoja amenipa mgongo. Fundi wangu ameacha kazi."

"Si umuuzie mwingine?"

"Nimeuza televisheni nyingi hapa Arusha. Zote watu wanazitazama. Hii inatazama watu." Kisha Hatim akashusha sauti. "Wazee wetu wangesema ni jini. Lakini yule, Ephraimu, si mama yako?"

"Eeh," alisema Ephraimu. Alikuwa anatazama kioo.

Lililowavunja ni Bariki. Giza lilipoanza kuingia, mtoto aliinuka kimya, akatoka kwa mlango wa nyuma, akalishika bomba. Aliitwa hakuitika. Ilibidi abanduliwe, vidole vya mkono wake wa kulia kimoja kimoja, na vilikuwa vya baridi.

"Unafanya nini huku, mwanangu?" alinong'ona Hedwiga.

"Bibi amechoka," alisema Bariki. "Anasema nimpokee kidogo."

Jioni iliyofuata alitoka tena, na iliyofuata. Mkono wake ulizidi kukataa kufunguka. Hospitali hawakuona ugonjwa. Siku ambayo baba na mama walishindana na vidole vya mtoto wa miaka saba hadi jasho likawatoka, Hedwiga alisema, "Kesho hatutaweza. Kesho atabaki hukohuko." Alfajiri akapanda Nkoaranga kumwita Anande.

Anande alikuwa mdogo wake Bibi, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Watu wa mlimani walimwita kukiwa na jambo ambalo hospitali na kanisa vimeshindwa, ingawa kanisani yeye mwenyewe hakukosa.

"Shikamoo, Mama Mdogo," alisema Ephraimu.

"Marahaba." Alikaa akiielekeza mgongo televisheni, ambayo ilikuwa imezimwa, imetolewa waya na kufunikwa kitambaa. Bariki alikuwa amepakatwa na mama yake, ngumi yake imefungwa kama jiwe. "Ephraimu. Dada yangu alifia wapi?"

"Kitandani, Mama Mdogo. Usingizini."

"Nilimwosha mimi. Kiganjani mwake mlikuwa na kutu. Kitanda chenu kina kutu?"

Nje, bomba lililia kwi.

"Mtu aliyesahauliwa nje hafukuzwi," alisema Anande. "Anaitwa ndani. Na wa kumwita ni yule aliyemweka nje. Utaniambia yote, mwanzo mpaka mwisho, uso wako ukiwa kwangu. Ukimaliza utaenda pale mlangoni umwambie, Mama, achia, ingia ndani. Hicho tu. Mtoto atapona, nawe utapona."

"Hicho tu?"

"Hicho tu. Lakini usinikatie katikati."

Ephraimu alijipangusa uso, akaanza. Alisema vizuri. Alisema habari ya chenga, na mkono wa baraka, na mama yake alivyofurahi kupewa kazi, na sauti yake ikakatika, akaendelea. Na Nice, aliyekuwa akiitazama ngumi ya mdogo wake, aliona kidole cha mwisho kinalegea, kisha cha pili yake, kama ua linalochanua. Akafikia jioni ya Julai. Akasema manyunyu. Na hapo, nyuma ya mgongo wa Anande, mwanga ukapenya chini ya kitambaa, kitambaa kikateleza kikaanguka, na televisheni isiyo na waya ikaanza kukimbia kama haijawahi kukimbia, mpira, ngumi, wimbo, sabuni, gari linapinduka, watu wanacheka, mpira tena, mwanga ukipiga kuta bluu na nyekundu na bluu, na Anande hakugeuka, na Hedwiga alifumba macho, na Nice aliuma mkono wake asitazame, ila Ephraimu alikuwa anasema, "nikamwambia, Mama, usiachie, naku—" na macho yake yakaenda, kidogo tu, juu ya bega la Anande, kama mtu anayetaka kuona bao halafu arudi, na hayakurudi.

Neno lilibaki mdomoni limekatika.

"Baba," alinong'ona Nice. "Baba, mtazame Bibi Anande. Malizia."

"Eeh," alisema Ephraimu.

"Baba, bado neno moja."

"Eeh."

Vidole vya Bariki vilijifunga tena, vyote kwa mara moja, mtoto akalia kwa maumivu. Baba yake hakugeuka. Anande alingoja. Alingoja kwa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyoweza kungoja, macho yake kwa mtoto wa dada yake, na dada yake mwenyewe amesimama nje kwenye baridi.

"Basi," alisema hatimaye. Aliinuka, akaenda kwenye mlango wa nyuma na kuufungua wazi. "Dada, nimemsikia. Nawe umemsikia. Mwache mtoto."

Hedwiga alimshika kitenge. "Mama Mdogo, tulikuita umfukuze."

"Uliniita nimfukuze damu yangu," alisema Anande, "ukadhani nitakuwa upande wako."

Kwenye kioo picha zote zilikuwa zimesimama. Palikuwa na ua, na manyunyu, na bomba, na yule mwanamke sasa amegeuka kabisa, na uso wake haukuwa na hasira wala huruma, ulikuwa uso wa mtu anayesikiliza mpaka mwisho. Na akiwatazama hivyo alikunjua mkono wake kutoka kwenye bomba, kidole kimoja kimoja, na kila kidole chake kilipofunguka kikafunguka cha Bariki, mpaka kiganja cha mtoto kikawa wazi, chekundu kwa kutu. Na Ephraimu akainuka kwenye kochi, miguu mitupu, akapita katikati yao kama mtu anayeenda kuzima jiko, akatoka nje, na walisikia chuma kikilia, kulia kidogo, kushoto kidogo, kisha kikatulia.

Sauti ikatoka kwenye televisheni, ya taratibu, ile iliyokuwa ikisimulia karibu na jiko.

"Hapo hapo, mwanangu. Usiachie."

Walijaribu kumbandua. Hedwiga alijaribu, majirani wawili wakajaribu, wakachoka, wakakimbia. Asubuhi alikuwa baridi sawasawa na kile chuma.

"Mlazeni," alisema Anande, akijifunga kitenge vizuri. "Watu mtawaambia alifia kitandani, usingizini. Si ndivyo mnavyosema hapa?"

Hedwiga na watoto walihamia Nkoaranga, kwenye nyumba ya Anande katikati ya migomba, mahali ambapo umeme haukuwa umefika. Nice hakurudi shule. Hapakuwa na wa kumsomesha tena. Jioni walikaa karibu na moto, na jioni moja alipata ujasiri wa kuuliza.

"Bibi Anande, ile hadithi ya mama aliyeshika kamba. Mwanawe alirudi?"

"Alirudi. Njiani alikuwa amepita penye ngoma, akasahau, mpaka mvi zikamwota hukohuko. Alimkuta mama yake amesimama palepale."

"Alimgombeza?"

"Hapana. Alimpa kamba."

"Kisha?"

"Kisha mama akaenda kulala. Lakini hadithi haijaisha, kwa sababu yule mwana naye alikuwa na watoto."

Bariki alikuwa anasikiliza. Alijitahidi sana, mikono katikati ya magoti. Kisha cheche iliruka kutoka motoni, akageuza kichwa kuifuata, kidogo tu.

Nje, kwenye migomba, ambako hapakuwa na bomba wala antena, chuma kililia.

Kwi.

Nice alimshika mdogo wake mashavu kwa mikono miwili, akamrudisha uso.

"Tazama huku," alinong'ona. "Sikiliza. Usigeuke tena."

Bariki alitikisa kichwa kukubali. Lakini macho yake yalikuwa yameshaenda mlangoni.