Sahani ya Nicanor

"Jibu ni C, Mbula, wacha ubishi!"

"C gani? Msalaba wa kaburi? Kwani nani amekwambia huyo kaka amekufa? Ni B, taa ya mlangoni!"

Wangechi na Mbula, majirani wa ploti moja ya nyumba za kupanga hapo Ruiru, walikuwa wanavutana kwenye kamba ya nguo, karatasi imebanwa katikati ya soksi mbili. Wangechi alikuwa anasomea mtihani wa kuomba chuo cha ng'ambo. Mbula hakuwa anasomea chochote, lakini ubishi ungempitaje?

"Haiya, sikiza tena." Wangechi akasoma kwa sauti. "Kila Jumapili msichana humpakulia kaka yake aliyepotea, kwa sahani ya bluu iliyobanduka ukingoni. Huifunika. Jumatatu humwaga. Uhusiano wa sahani na kaka unafanana na upi? A, mwavuli na mvua. B, taa ya mlangoni na msafiri. C, msalaba wa kaburi na marehemu. Na Mwalimu Bedan mwenyewe ameandika jibu ni C."

Nafuna, wa mlango wa tatu, aliacha ndoo yake bombani ikafurika mpaka maji yakamfikia miguuni.

Kaka yake Nicanor alitoka kutafuta kazi, na huu ulikuwa mwaka wa sita bila simu. Sahani ile alikuwa amemwonyesha mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikutana naye kwenye duka la fotokopi Thika mjini, foleni imemwagika mpaka barabarani, karatasi zao zikachanganyika. Bedan alikuwa na shati jeupe, mikono imekunjwa. Nafuna, rinda la manjano la kutolea macho.

"Zako zinanukia kitunguu," Bedan alimwambia.

"Zako zinanukia chaki. Leta zangu."

Tangu hapo, kila Jumapili Bedan alitoka Ngoingwa akaja kula kwake.

Sasa Nafuna akajifungia ndani, akapiga simu.

"Sasa, asali wangu?"

"Usiniite asali. Niite swali la mtihani."

"Nafuna, sikuandika jina lako."

"Uliandika sahani."

"Maswali yangu yalikuwa makavu, wanafunzi wanasinzia..."

"Ukaona uwaamshe na mimi. Watu arobaini, Bedan! Na jibu lako C. Kumbe ukikaa mezani kwangu, ukisifu mboga yangu ya mrenda, moyoni uko matangani."

Akakata. Jumapili mbili hakushika simu yake. Alipakua, akafunika, akamwaga, na kwa mara ya kwanza alijisikia mjinga akimwaga. Hicho ndicho kilichomuuma kuliko yote.

Jumapili ya tatu, saa saba, Bedan akasimama mlangoni. Shati lile lile jeupe, ila kola haijapigwa pasi. Madirisha mawili ya majirani yakafunguka kidogo.

"Nimekusanya zile karatasi zote. Hilo swali nimelitoa."

"Ukaweka jibu gani?"

"Hakuna. Halikuwa langu kujibu."

Nafuna akaegemea mlango, mwiko mkononi. "Darasani huwa unawaambia nini? Kabla ya kuangalia majibu?"

"Tunga kwanza sentensi inayosema uhusiano. Halafu tafuta jozi inayoingia kwa sentensi hiyo."

"Tunga. Mimi na wewe."

Bedan akatunga. "Nafuna alimpa Bedan kitu cha kuficha. Bedan akakianika."

"Inafanana na nini?"

"Na mtu aliyeachiwa ufunguo wa nyumba, akaingiza mtaa mzima."

"Sisi hatukuingia, tulisoma tu!" Mbula akapaza sauti kutoka dirishani.

"Nyamaza, wee!" Wangechi akamvuta.

Nafuna hakucheka. "Na mtu kama huyo hurudishiwa ufunguo?"

"Hapana," Bedan akasema polepole. "Hubisha hodi kama watu wengine."

Nafuna akashusha mwiko. Nyuma yake mvuke wa ugali ulikuwa unapanda, na mezani sahani ya bluu ilikuwa imeshafunikwa.

"Basi bisha."

Mlango ulikuwa wazi, lakini Bedan akainua mkono, akagonga ubao mara tatu.

Nafuna akafikia kabati la juu, akatoa sahani nyeupe ya maua, ya wageni, ile ambayo Bedan hakuwahi kupakuliwa nayo hata siku moja, akaipangusa vumbi kwa leso.

"Karibu, mgeni. Ingia ule."