Walisema Ni Damu ya Mjomba Wake

Kichanga changu kilikuwa kinalia, mara kikanyamaza ghafla.

Mama yeyote anakijua kile kimya kisicho cha usingizi. Niliacha nguo kwenye beseni nikakimbilia chumbani.

Binti yangu wa miaka sita alikuwa juu ya kitanda. Mkono mmoja kashika mkasi, mwingine kaziba mdomo wa mdogo wake...

"Unafanya nini, mama?" Niliuliza polepole, nisimshtue.

"Analia sana. Kichwa kinaniuma."

Nikampokonya mkasi. Akaning'ata mpaka nikatoka damu, halafu akaniomba maji kama vile hakuna kilichotokea.

Wenzangu, niwaambie ukweli. Nina kaka yangu aliyerukwa na akili tangu ujana, na siku zote nilikuwa namtazama huyu binti kwa jicho la wizi.

Mama mkwe alikuwa kasimama mlangoni. Hakushangaa hata kidogo.

"Si nilisema? Hiyo ni damu ya mjomba wake."

"Mama, huyu alikuwa mpole. Kabadilika mwaka huu tu."

"Ndiyo imeiva. Mbona kaka yake, mwanao wa kwanza, ni mzima, na wanalala chumba kimoja?"



Kugeuka, naona begi la binti limeshafungwa. Kumbe mama mkwe na mume wangu walishapanga kumpeleka mahali wanapofungia watoto "wa hivyo". Mimi nilibaki wa kuambiwa tu.

"Baba watoto, ni kweli?"

"Usinisumbue." Akanisukuma ukutani. Mwanaume ambaye hakuwahi kuninyanyulia hata sauti.

Asubuhi nikambeba binti mpaka hospitali, sikuaga mtu. Nilitaka daktari aniambie tu kwamba si kichaa.

Daktari akamfunua kope.

"Hana damu ya kutosha huyu. Nyumbani mnafanya kazi gani?"

"Baba yake anayeyusha betri kuukuu za magari. Anatoa yale madini ya risasi ya ndani, anauza."

"Anayeyushia wapi?"

"Uani, karibu na jiko."

"Na mtoto anakuwa wapi?"

"Habanduki kwa babake. Anaokota vile vipande vya kijivu, anachezea mapishi."

Daktari akaweka kalamu chini.

Akampima damu, majibu yakatoka. Risasi imejaa mwilini mwake. Ni sumu, inaingia na moshi na vumbi, inapanda mpaka kwenye ubongo, inamgeuza mtoto tabia.

"Mbona kaka yake mzima?" Maneno ya mama mkwe hayo, yamenitoka mimi.

"Miili haifanani, mama. Huyu kapungukiwa madini ya chuma, kwa hiyo mwili wake unaifyonza sumu haraka. Mwili huo ungekuwa sehemu nyingine, usingemfikisha hapa. Tatizo umekutana na moshi wa uani kwenu. Na huyo kaka usiseme mzima kwa macho. Njooni wote."

Mume wangu alikuja kanuna, apate kuonyesha kwamba upande wake uko safi.

Kaka mtu alikutwa nayo. Kichanga kilikutwa nayo.

Aliyetuzidi wote ni mume wangu.

Kusahau, mikono kutetemeka, hasira za ghafla... na mimi nilidhani kapata mwanamke nje.

"Mimi ni mzima!" Akapiga meza ya daktari.

Mama yake akautazama ule mkono unavyotetemeka. Siku hiyo hakutaja ukoo wa mtu.

Nimehamia kwa mama yangu na watoto. Binti anatibiwa, hang'ati tena, ila daktari hajaniahidi kwamba akili yake ya darasani itarudi yote. Mume wangu bado anayeyusha.

Mama mwenzangu, mtoto akibadilika, usikae kuhesabu vichaa wa kwenu. Angalia anavuta hewa gani, anashika nini, anakula nini. Mpeleke akapimwe.

Jana kanipigia jirani yetu wa kule, analia. Mwanawe kaanza kupiga wenzake, na mawifi wameshaanza kumuuliza kwao kuna kichaa gani.

Nimemwambia asiwajibu. Apande kiti, achungulie ng'ambo ya ukuta, aone moshi wa mume wangu unaelekea wapi.